Rapu haikuanguka toka mbinguni: maneno kwa wanafunzi wa Kambove



Aksanti kwa kutupatia saa moja katikati ya masomo. Leo hatukuja na tamko juu ya maji wala juu ya barabara, hata kama iko mambo mingi ya kusema pale. Tumekuja kusema juu ya kitu munakuwaka nacho kila siku kwa simu na kwa kinywa: rapu. Na tutaiweka karibu na kitu kingine munachoandikaka katika kaye juu ya mutihani tu: mashairi.

Wazazi wanasemaka: "Batoto ya leo banapenda makelele tu, habajue kitu." Na vijana wanajibu: "Mashairi ni mambo ya bazungu ba zamani, itatusaidia nini?" Sisi tunasema pande mbili zote zinapoteza mali. Muzee anayedharau rapu hajui kama mujukuu wake anafanya kazi ya babu yake. Kijana anayedharau mashairi anajenga nyumba bila kujua kama msingi uko pale tayari, chini ya miguu yake.

Tuanze na ukweli. Rapu haikuzaliwa Lubumbashi wala Mombasa. Ilizaliwa New York, kwa kartie ya Bronx, kati ya vijana weusi, wale wenye wazazi wao walitoka visiwa vya Karibi, na wale wa Puerto Rico. Tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 1973, kijana mwenye kuitwa DJ Kool Herc, aliyezaliwa Jamaika, alipiga muziki kwa fete ya dada yake, katika nyumba namba 1520 ya barabara Sedgwick. Ile fete dada yake aliitengeneza juu ya kupata feza ya kununua nguo za kurudia masomo. Musikie vizuri: nguo za masomo. Watu wengi wanahesabuka ile siku kuwa mwanzo wa hip-hop.

Basi, mutu akikuambia rapu ni mutoto wa watunga mashairi wa Kiswahili, mwambie hapana, hawakuzaana. Lakini wanafanya kazi moja, na vyombo vyao ni vile vile. Ni kama mufua vyuma wa Bunkeya na mufua vyuma wa Japani. Hawakuonana hata siku moja, lakini kila mumoja wao ana moto, ana nyundo, na anajua saa gani ya kupiga chuma. Tuangalie hivi vyombo, kimoja kimoja.

Chombo cha kwanza ni kuhesabu. Watunga mashairi wa pwani, toka Lamu na Pate mupaka Mombasa, wanahesabuka silabi za kila mustari. Wanaziita mizani. Katika utenzi, ubeti mumoja una mistari mine, na kila mustari una mizani 8. Mistari mitatu ya kwanza inamalizika na sauti moja, na ule wa ine unabeba sauti ingine, ile inayorudi katika kila ubeti mupaka mwisho wa utenzi. Mwaka 1858 mama mumoja wa Pate, Mwana Kupona, alikuwa mugonjwa, na akamwandikia binti yake utenzi wa mashauri juu ya maisha. Mama mugonjwa, mutoto ambaye atabaki, na mizani 8 kwa kila mustari. Hakusema: "Niko na uchungu, sitahesabu." Uchungu wake aliupatia kipimo, na juu ya kile kipimo maneno yake yangali hai.

Sasa sikieni beti mbili ambazo tumetunga wenyewe, kwa ile njia ya pwani, juu ya hapa kwetu:

Kamyo zapita na shaba,
vumbi lafunika baba,
mushahara wake haba,
na watoto twauliza.

Mwalimu asema: kaa,
tumbo lasema: ni njaa,
kichwa chatafuta taa,
nani atatuangaza?

Hesabuni kwa vidole: ka-myo-za-pi-ta-na-sha-ba. Munane. Sasa pigeni makofi mane kwa kila mustari, silabi mbili kwa kila kofi. Munasikia? Biti ya rapu nayo inahesabiwaka mane mane. Ule ubeti unaweza kuingia juu yake sasa hivi, bila kubadilisha hata neno moja. Na ule mwenye kusema "zapita" na "twauliza" haiko Kiswahili chetu, anaweza kuandika "inapita" na "tunauliza", lakini atahesabu tena, juu silabi zimeongezeka. Pale ndipo kazi inaanza. Rapa muzuri anajua kama silabi moja ya zaidi inamukata pumzi. Mutunga utenzi alijua vile vile.

Iko pia shairi, lenye mizani 16 kwa mustari, 8 upande huu na 8 upande ule. Na marapa wanasemaka "mistari 16" kwa sehemu moja ya wimbo. Tusidanganyane: hii 16 na ile 16 haziko kitu kimoja. Moja inahesabu silabi, ingine inahesabu vipande vya muziki. Mutu akiwaambia ni siri ya mababu, anawauzia vumbi. Lakini fikra ni ile ile: kipimo kinakuja mbele, na neno lako linapaswa kuingia ndani yake.

Chombo cha pili ni vina, ni kusema zile sauti zinazofanana. Katika shairi vina haviko kwa mwisho tu, viko na katikati ya mustari. Marapa wanajivuniaka kuficha vina ndani ya mustari, wakidhani walivitengeneza wao kwa studio. Watu wa Mombasa walikuwa navyo zaidi ya miaka 200 iliyopita, na hawakuwa na studio.

Chombo cha tatu ni kujibizana. Munapenda klashi? Basi mujue Muyaka bin Haji, wa Mombasa, aliyekufa karibu mwaka 1840. Wakati ule Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, na Sultani Seyyid Said wa Omani na Zanzibar alitaka kuimeza. Muyaka alisimama na muji wake, akatupa mashairi kwa maadui, nao wakamurudishia. Aliimba pia juu ya mapendo, juu ya njaa, juu ya marafiki wanafiki. Wenye elimu wanasema ni yeye aliyetoa mashairi kwa mambo ya dini peke yake na kuyaleta sokoni. Na hakuandika kitabu. Mashairi yake yalibaki kwa vinywa vya watu miaka makumi na makumi, mupaka watu wakayakusanya juu ya karatasi kiisha kifo chake. Kama neno lako linaweza kukaa kwa kinywa cha mutu miaka 50 bila simu na bila intaneti, wewe ni rapa wa kweli.

Chombo cha ine kiko karibu zaidi na sisi: kumbukumbu. Kaskazini ya hapa, kwa Waluba, kulikuwa watu wa chama cha Mbudye, walinzi wa historia ya ufalme. Walikuwa na kibao cha muti, kinaitwa lukasa, chenye shanga na alama zilizochongwa. Mwenyi kujua alipitisha kidole juu ya shanga na akasema majina ya wafalme, njia walizopita, miji waliyojenga. Kidole kwa shanga, neno kwa kinywa. Leo kijana anapitisha kidole juu ya kioo cha simu na kusoma mistari yake. Tofauti si kubwa sana, isipokuwa lukasa haikuomba umeme.

Na iko kasala, ile sifa ya Waluba inayosemwa kwa kilio na kwa furaha. Mwenyi kasala anamuita mutu kwa majina yake yote, majina ya nguvu, jina la baba, jina la babu, muto na mulima wa asili yake, wafu wake. Wakati mwingine mutu anasikia ile kasala na machozi inatoka, juu amejua sasa yeye ni nani. Patrice Mufuta alitoa kitabu juu ya kasala mwaka 1968, na Clémentine Faïk-Nzuji alitoa chake mwaka 1974. Ile ni kazi ya wasomi wa hapa kwetu. Sasa sikieni mwanzo wa wimbo wowote wa rapu: kijana anajipatia majina matano, anataja kartie yake, anataja rafiki aliyekufa, anataja mama yake. Hakusoma Mufuta. Lakini yuko anafanya kasala.

Na Likasi yetu? Zamani ilikuwa inaitwa Jadotville. Mwaka 1952, kwa ile Jadotville, Hugh Tracey, muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimusikia kijana wa kipiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya. Wimbo wake Masanga ulifika inchi za mbali, na wapiga gitaa wa Kenya na wa Ulaya walijifunza vidole vyake. Aliimba kwa Kiswahili cha hapa, Kiswahili cha kazi na cha kampi, kile ambacho watu wa pwani wanakichekaka. Hakungoja mutu amuambie kama Kiswahili chake ni safi.

Kiisha wakakuja wengine. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akakomaa Ubelgiji, akaanza na rapu katika kundi Starflam. Mwaka 2023 filme yake Augure ilionyeshwa Cannes na ikapata zawadi. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, anaandika mashairi na riwaya, na anayasema mbele ya watu kwa sauti kubwa, pamoja na wapiga muziki. Mumoja alitoka kwa rapu, mwingine kwa kitabu, na wanakutana katikati. Na dunia nayo imefika pale: mwaka 2016 Bob Dylan, mwimbaji, alipata zawadi ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2018 Kendrick Lamar, rapa, alipata zawadi ya Pulitzer ya muziki.

Wazee wakikataa, tusikasirike, juu ile ni njia ya zamani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa kitabu cha mashairi, Kichomi, bila kufuata vina na mizani. Wakubwa wa mashairi walipiga kelele: haya si mashairi! Leo wanafunzi wanamusoma kwa masomo. Kila kizazi kinaona mulango umefungwa, na kila kizazi kinausukuma.

Mupaka hapa tumesifu. Sasa tuseme ile inayouma.

Munajua libanga. Kwa Kilingala libanga ni jiwe. Kwa muziki wetu, "kutupa libanga" ni kutaja jina la mukubwa ndani ya wimbo juu alilipa feza. Wakati wa uchaguzi, iko wenye kutafuta kijana mwenyi sauti, wanamupatia feza kidogo, t-shati na bia, na anawaimbia. Kesho yake barabara iko na mashimo yale yale na kijana iko bila kitu. Hapa Kambove tunajua mawe. Tunajua jiwe haliko na bei moja: iko lile la kutupa, iko lile ambalo ukiliosha unaona rangi ya majani, na mutu anakuja na kipimo. Kinywa chako nacho hivyo hivyo.

Lakini tena tusidanganyane. Libanga haikuanza jana. Mwenyi kasala alipewa zawadi. Muyaka alikuwa rafiki ya wenye mamlaka ya Mombasa. Historia ya mashairi iko na pande mbili: iko ile ya kumusifu mwenyi kula vizuri, na iko ile ya kumuambia kama nyumba inawaka moto. Mara mingi mutu mumoja alifanya zote mbili. Ndiyo sababu tunataka historia hii ifundishwe kwa masomo, na isiachwe kwa sifa za barabarani tu: kusudi kijana, siku ile mukubwa atakuja na feza, ajue kama anachagua, na ajue anachagua nini.

Na iko bei ya kuchagua upande wa pili. Abdilatif Abdalla, mutunga mashairi wa Mombasa, mwaka 1968 aliandika karatasi ya kuuliza Kenya inaenda wapi. Walimufunga miaka mitatu, toka 1969 mupaka 1972. Ndani ya gereza aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi ya choo, na mwaka 1973 yakatoka katika kitabu, Sauti ya Dhiki. Sikieni sasa kile kinachotugusa sisi: ndani ya ile shida, alifuata vina na mizani. Ule mufungo wa mashairi alijipatia yeye mwenyewe. Ule mwingine haukumushinda.

Hapa kwetu, mwezi wa 11 mwaka 2021, tume ya serikali ya kuchunguza nyimbo ilikataza wimbo Nini tosali te wa vijana wa kundi MPR wa Kinshasa. Wimbo ulikuwa unauliza ile ambayo kila mutu anaulizaka kwa nyumba: tulifanya nini kisichofanyika, na juu ya nini maisha haibadilike? Watu wakasema kwa nguvu, na ile marufuku ikaondolewa. Tunakumbuka hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mistari ya rapu inaweza kumuogopesha mukubwa. Ya pili, Katiba yetu ya mwaka 2006 iko upande wetu: kifungu cha 23 kinalinda haki ya kila mutu kusema mawazo yake, na kifungu cha 46 kinalinda uhuru wa kutunga na kuumba. Na kifungu cha 1 kinahesabu Kiswahili kati ya luga ine za taifa. Hamuombi ruhusa ya kusema kwa luga yenu. Muko nayo.

Sasa, tunaomba nini? Hatuombi feza. Tunaomba vitu vine.

Kwanza, kwa walimu: nusu saa kwa juma. Siku munafundisha La Fontaine, fundisheni pia ubeti mumoja wa utenzi, na acheni mwanafunzi auseme juu ya biti ya makofi. Mwanafunzi akishakuelewa kipimo kwa mikono yake, hata shairi la Kifaransa halitamuogopesha. Silabi ni silabi, na 12 za Kifaransa zinahesabiwa na vidole hivi hivi.

Pili, kwa wanafunzi: kila mumoja aende kwa nyumba, amuulize babu ao nyanya: "Jina lako la nguvu ni gani? Kwetu walikuwa wanakuita namna gani siku ya kushinda?" Kiluba, Kisanga, Kibemba, Kiyeke, Kichokwe, yote. Aandike, ao arekodi kwa simu kama muzee amekubali. Yale majina hayako kwa kitabu, na kila kilio katika kartie kinazika mengine.

Tatu, klashi na sheria. Tufanye klashi hapa kwa kiwanja, na kanuni iwe ya wazee: unajibu kwa kina kile kile cha mwenzako. Hakuna kutukana mama ya mutu, hakuna kutukana kabila ya mutu. Katika inchi yetu tumeona matusi ya kabila inafikisha watu wapi, na hapa Likasi wazazi wenu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa na kungojea treni kwa gare. Ile ilianza na maneno. Mwenyi kushinda kwa matusi hakushinda, alikosa mistari.

Ine, kwa marapa: mukiandika juu ya mugodi, juu ya maji, juu ya masomo, andikeni ile muliyoona na ile muliyohesabu. Kamyo ngapi zimepita toka asubui? Wanafunzi wangapi kwa benchi moja? Mustari wenye hesabu ya kweli unauma kupita tusi kumi, na hakuna mukubwa anayeweza kuufuta.

Wandugu, jimbo letu liliitwa Shaba toka 1971 mupaka 1997. Jina la jiwe. Wengi wangali wanatuangalia vile: kama udongo wenye mali, na watu juu yake bila sauti. Kijana anayetoka masomo na kwenda kuchimba juu ya njaa, hatumuhukumu. Lakini tunataka ajue, hata pale chini kwa shimo, kama iko na mali ingine ambayo haipimwe kwa tona, ambayo haipandishwe kwa kamyo, na ambayo mutu haiuze isipokuwa yeye mwenyewe amekubali.

Kwa hiyo kalamu kwa mukono, vidole tayari. Juma lijalo, siku ya klashi, kila mumoja alete ubeti mumoja, mistari mine, mizani 8. Na mwenyi mizani 9 atahesabu tena.